Sufuria Moja

Nilipofika kanisani asubuhi ile, sufuria kubwa kichwani na mwiko kwapani, ng'ombe alikuwa amekwisha kuchinjwa. Tena walikuwa wameshaanza kumchuna. Na aliyeshika kisu hakuwa Mzee Duale. Alikuwa Kubai, mzee wa kanisa letu, damu hadi kwenye viwiko, anapiga mluzi wa tenzi kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Nilitua ile sufuria kwa kishindo hadi mbwa wa jirani akakimbia.

"Kubai," nikamwambia, "hiyo ni nini?"

"Bwana asifiwe, Mama Makena. Ni nyama."

Ni nyama! Jamani, kuna watu wanautafuta mwiko wenyewe, halafu ukiwapiga unaambiwa huna wokovu.

"Duale yuko wapi?"

"Nimesikia hatakuja. Walikuwa wanasema jana pale stendi ya boda boda. Ati ameapa hatakanyaga hapa tena. Sasa nikaona, ya nini kubembelezana? Kanisa ni letu, ng'ombe ni wetu, kisu tunacho."

Nilikaa chini juu ya jiwe. Kwa maana Kubai alijua vizuri sana, kama nilivyojua mimi, kwamba ng'ombe yule alikuwa zaidi ya nyama.

Hapa kwetu Isiolo, Mkristo akifanya sherehe ya kulisha majirani wote, hachinji mwenyewe. Anamwita Mwislamu. Mwislamu anakuja, anamlaza mnyama akielekea Makka, anasema Bismillahi, anakata. Basi, kila mtu anakula bila wasiwasi. Harusi zetu ni hivyo, Krismasi yetu ni hivyo, hata matanga yetu, tangu nilipoolewa nikateremka huku kutoka Maua. Na anayetuchinjia siku zote ni Mzee Duale, ambaye babu yake aliletwa huku na jeshi la Waingereza, vita vikaisha akabaki. Ni mzee mkali, hana meno ya mbele na hana subira. Kila akimaliza kazi anafuta kisu chake na kutuambia, "Mnaimba sana nyinyi, lakini bila mimi mngekula maharagwe." Sisi tunacheka. Pasta Gikunda alimpa cheo kabisa, akamwita shemasi wa nje.

Halafu kanisa likachomwa.

Sitasema nani alichoma, kwa sababu hadi leo hatujui. Tulikuwa tumetishwa mapema: mawe juu ya mabati wakati wa maombi, matusi ukutani kwa makaa. Tukasema tutaomba tu, tutazoeana. Ikafika siku tumepanda Maua sote kumzika mama yake pasta. Mchana kweupe wakaja watu kwa pikipiki, nyuso wamezifunga, wakamwaga petroli na kuwasha. Mtaani hapakuwa na Mkristo hata mmoja.

Alikuwako Naimo. Geti lake linatazamana na la kanisa. Sisi hatuna kengele, tuna rimu ya lori imening'inia kwenye mgunga, na chuma cha kuipigia. Naimo alitoka mbio, akashika kile chuma, akaipiga rimu kwa nguvu zake zote, akapiga na kupiga, hadi wanaume kule soko la mifugo wakasikia wakaja na mitungi ya maji. Kabla hawajafika aliingia mwenyewe ndani ya moshi. Akavuta kilichokuwa karibu na mlango, na kilikuwa benchi. Boriti ikamwangukia mkononi. Moto ulizimwa wakati hakuna kilichobaki ila kuta nusu, na lile benchi moja, limeungua pembeni. Vijana wa kwaya wakaliita benchi lililookoka.

Ungedhani baada ya hapo tungembeba Naimo mabegani, sivyo? Jumapili iliyofuata, tumesimama juu ya majivu, Kubai akafungua mdomo wake mbele ya watu wote: "Mimi nauliza tu. Yule mama alijuaje mapema hivyo kwamba kunaungua?"

Anauliza tu! Kabla ya jioni neno lilikuwa limevuka barabara. Naimo alisikia, mkono bado umefungwa bandeji, akafunga geti. Na mtaa ukafa. Watu wetu wakaacha kununua viungo dukani kwa Asho. Watoto wao wakaacha kuja kucheza mpira kwetu. Mimi na Naimo, tulioazimana chumvi na kubebeana watoto, tukawa tunaanika nguo kila mtu na kamba yake, hakuna anayemtazama mwenzake. Niliumia. Nasema wazi, niliumia kuliko nilivyolilia kanisa, kwa sababu kanisa ni mbao na mabati.

Na tulilijenga tena. Kuna waliotushauri tuhame, pasta akasema ng'o. "Tutajenga hapa hapa," akasema, "na siku ya kufungua tutalisha mtaa wote. Waliotuchoma walitaka tuwaogope majirani. Hawatapata hilo." Rimu tukaiacha pale mtini bila kuigusa. Tulisema italia siku kanisa likifunguliwa, si kabla.

Mimi ndimi niliyetumwa kwa Naimo. Alinisikiliza geti likiwa nusu wazi.

"Abaayo," akaniambia, hivyo ndivyo Wasomali wanavyomwita dada, "nitakuja kama Duale atachinja. Mkiogopa kisu chake, basi mnaniogopa na mimi. Na mimi nisipokuja, hakuna mtu wa upande huu atakuja."

Nikamwahidi, mkono kifuani. Nikapita kwa Duale, naye akakubali, akilalamika kama kawaida. Sasa niambie, ukiwa umetoa neno lako hivyo, halafu unakuta ng'ombe ameshachunwa nusu, utafanya nini? Mimi nilifanya la kwanza lililokuja: nilipiga kelele. "Mwathani!" nikaita, na huyo ndiye Bwana kwa Kimeru chetu, hadi Pasta Gikunda akatoka ndani ya kanisa jipya akiwa na ufagio mkononi.

Akaona. Akashika kichwa.

"Pasta, si jambo kubwa," akasema Kubai. "Tunapika sufuria mbili. Sisi tunakula ng'ombe wetu. Duale akija, kama atakuja, tunamtafutia mbuzi mmoja, wapikiwe yao kando. Kila mtu anakula, hakuna mtu amekosewa."

Na kuna waliotikisa kichwa kukubali! Vijana wa kwaya walikuwa wameshaweka maini juu ya makaa, harufu ilikuwa inawasaidia kufikiri.

"Sufuria mbili?" nikasema. "Tumewaita watu tule nao, si tule tukitazamana. Mkono wa Naimo umeungua kwa ajili ya benchi letu, halafu tumwambie sufuria yako ni ile pale kando, mama, sisi tuko huku? Hivyo ndivyo Bwana Yesu alivyokula na watu? Alikuwa na meza mbili? Kubai, nijibu! Alikuwa na meza mbili?"

Kubai akatazama kisu chake.

"Mama Makena amehubiri," akasema pasta polepole. "Mimi sina la kuongeza. Itakuwa sufuria moja, na kila mtu atakula kilichomo."

"Na huyu ng'ombe?"

Hapo Aule akakohoa. Aule ni mwinjilisti wetu kule Gotu, Mturkana mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa amekuja na pikapu kutuletea kuni. "Kule kwangu," akasema, "ukame umemaliza mbuzi. Wale waumini wangu wanakula nyama iliyochinjwa na mtu yeyote."

"Pakia," akasema pasta.

Kwaya karibu ilie. Walipakia ng'ombe mzima, ngozi na miguu, na nilisimama pale na mwiko wangu hadi maini nayo yakatolewa kwenye makaa yakaingia kwenye pikapu. Aule akaondoka kabla hatujabadilisha mawazo, nikamwona anatabasamu kwenye kioo.

Vumbi la pikapu halijatulia, nani anatokea getini? Mzee Duale, kanzu safi, kofia, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Akatazama damu chini. Akatazama Kubai, kuanzia viwiko hadi miguu.

"Hii ng'ombe nani amechinja?"

Kubai akaficha kisu nyuma ya mgongo, Duale akamwona.

"Mimi nimeamka nanoa kisu," akasema. Sauti yake ilitetemeka, na mimi sijawahi kusikia sauti ya Duale ikitetemeka. "Watu wangu wananiambia usiende, Duale, hao wanasema sisi ndio tumechoma. Mimi nawaambia wacheni ujinga, wale ni watoto wangu. Kumbe mmeshamaliza." Akageuka.

Nilimkimbilia nikamzuia getini, mama mzima, leso inaanguka.

"Mzee, ngoja."

"Ningoje nini? Mko na ng'ombe ingine?"

"Tunao," nikasema. Haki ya Mungu sikuwa na hata mkia wa ng'ombe. "Ngoja hapo hapo. Kaa kwenye kivuli."

Nikaenda nyumbani mbio. Nina kuku, na kuku wangu ninawapenda, kila mtu anajua, nimewahi kugombana na mtu kwa ajili ya kuku mmoja mwenye kishungi. Nikawakamata wote, na huyo wa kishungi nikamshika wa mwisho kwa sababu nilimwonea huruma. Nikarudi nimewaning'iniza miguu juu, wanapiga kelele mtaa mzima. Nikawaweka mbele ya Duale.

"Ng'ombe yangu ndiyo hii," nikamwambia. "Mzee, chinja."

Duale akawatazama. Akanitazama. "Mama Makena, hii ng'ombe iko na manyoya."

"Chinja hivyo hivyo!"

Karwitha, mwenyekiti wa kina mama, alikuwa anachambua mchele pale. Alijifunga leso vizuri akaondoka, na aliporudi alikuwa anavuta mbuzi kwa kamba. Baada ya hapo sikuweza kufuata tena. Kila nyumba ya kanisa letu ilitoa kitu. Mwalimu Murithi akaja na kondoo amempakata kama mtoto mchanga. Bibi mmoja asiye na kitu akaja na jogoo wake mzee, jogoo ambaye alikuwa saa yake ya kuamkia, akasema yeye sasa ataamshwa na Roho Mtakatifu. Mbuzi wakalia, kuku wakatoroka, kwaya ikawafukuza kati ya marundo ya mabati ya zamani na mawe, watu wakaanguka, watu wakacheka. Upande wa pili wa barabara madirisha yakaanza kufunguka.

Mzee Duale akavua kanzu yake safi, akaitundika kwenye mgunga kando ya rimu. "Pangeni laini!" akafoka. "Mnaleta vurugu kama kura! Leta hiyo kwanza. Hapana, hiyo! Bismillahi." Na alikuwa analia, yule mzee. Anakata, anafoka, anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Kubai alikuwa amesimama peke yake kwenye ukuta, damu imemkaukia. Nilidhani ataenda nyumbani kununa. Kweli aliondoka. Lakini alirudi, na alirudi na Mheshimiwa.

Sasa Mheshimiwa ni nani? Ni beberu la Kubai, kubwa jeusi lenye ndevu, tulilipa jina hilo kwa sababu linaingia kwa kila mtu bila kubisha, linakula cha kila mtu, na halishukuru. Kubai analipenda kuliko watu wengine wa ukoo wake. Alikuja analisukuma kwa nyuma, kwa sababu Mheshimiwa hakubali kuvutwa.

Alipofika mbele ya Duale akavua kofia.

"Mzee," akasema, "nilisema nimesikia hutakuja. Ukweli ni kwamba niliogopa hutakuja. Boriti za kanisa la kwanza nilizibeba kwa hili bega. Nilipoona majivu nikataka mtu wa kulaumu, na walio karibu walikuwa nyinyi. Nimekosa. Huyu ni Mheshimiwa."

Duale akalishika lile beberu pembe. "Huyu," akasema, "amekula miwa yangu miaka na miaka. Leo nitasema Bismillahi kwa roho safi."

Watu wakapasuka kucheka, Kubai naye akacheka huku machozi yanamtoka. Na mimi, ambaye asubuhi nilitaka kumpasua kwa mwiko, nikampa kikombe cha chai.

Moto ukawashwa. Wali ulikuwa unapikwa pilau, na hapo ndipo Asho wa duka la viungo akashindwa kuvumilia, akavuka barabara na mfuko mkononi. "Salaam aleikum. Nimesikia Wameru wanapika pilau," akasema. "Nimekuja kuzuia hatari. Mtaiweka waru!"

"Habari ya siku nyingi, Asho," nikamwambia. "Waru ni viazi, na viazi ni chakula cha watu wenye akili."

"Toa hiyo waru, Mama Makena!"

Tukagombana hapo juu ya sufuria, na nikasikia moyo wangu ukitulia, kwa sababu watu wasioelewana hawagombani hivyo. Nikatoa waru. Nyingine niliziacha chini kabisa, hakuziona.

Kufikia wakati chakula kinaiva, upande wao wa barabara ulikuwa umejaa. Wazee wenye kofia, kina mama na watoto waliooga. Abdiwali wa malori alikuja na jamaa yake nzima. Lakini walisimama pale ng'ambo. Hakuna aliyevuka. Wote walikuwa wanatazama geti la Naimo, na geti la Naimo lilikuwa limefungwa.

Duale akaja kwangu, anafuta kisu. "Mimi nimechinja," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini hao hawaingii bila yeye. Na yeye amesikia habari ya ile ng'ombe ya kwanza."

Nikaanza kuvua aproni niende. Kubai akanishika mkono. "Hapana, Mama Makena. Hii si yako."

Akavuka barabara mwenyewe, kofia mkononi, watu wote wakimtazama. Akabisha. Geti likafunguka kidogo. Tulisikia kila neno, kwa sababu mtaa wote ulikuwa umenyamaza.

"Mama," akasema Kubai, "niliuliza ulijuaje mapema. Nimekuja kujibu mwenyewe. Ulijua kwa sababu ulikuwa unatuangalia, wakati sisi hatupo. Nililipa wema wako kwa matusi. Naomba unisamehe. Na hata usiponisamehe, njoo ule. Chakula ni cha kisu cha Duale."

Geti likafungwa.

Kubai alibaki pale amesimama, mgongo kwetu, hajui aende wapi. Pasta Gikunda akafumba macho, midomo ikicheza. Mimi sikuweza hata kuomba, nilisema tu, Bwana, tafadhali. Bwana, tafadhali.

Geti likafunguka, wazi kabisa, mabawa yote mawili. Naimo alikuwa ameenda kubadilisha nguo. Alitoka na gauni lake la harusi za watu, la kung'aa, mtandio wa rangi ya machungwa, na mkono wenye kovu ameuacha wazi watu wauone. Akampita Kubai. Akasimama. "Twende, basi," akamwambia bila kugeuka, "chakula kinapoa." Na mtaa wote ukamfuata nyuma.

Nilipiga vigelegele hadi koo likauma. Kina mama wetu wakaitikia, kina mama wao wakaitikia kwa vyao, na nani angejua kipi ni cha nani. Nilimkumbatia Naimo akaniambia, "Abaayo, unanuka vitunguu," nikalia kama mtoto. Tukamketisha kwenye benchi lililookoka, mbele kabisa.

Pasta akasimama mbele ya mlango mpya, utepe umefungwa, akataka kuanza. Kubai akamwomba dakika moja. Akachukua kile chuma kutoka kwenye mgunga, akakishika kwa mikono yote miwili, akamletea Naimo.

"Siku ile ulipiga hatukukuomba," akasema. "Leo tunakuomba."

Naimo alisimama. Akaipiga rimu mara moja, polepole, kama anayejaribu. Halafu akaipiga kwa nguvu. Halafu mama yule akasahau kwamba tupo, akaipiga rimu kama siku ile, kovu likimetameta, mtandio umeanguka, anapiga, anapiga, na sisi tunapiga makofi na kuimba, na utepe ukakatika wenyewe kwa sababu ya watoto waliokuwa wanasukumana.

Hatukufikiria jambo moja. Rimu ile, mara ya mwisho kulia, ilikuwa moto. Ghafla tukasikia miguu. Wanaume wa soko la mifugo, wengi, Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, vumbi nyuma yao, wanakuja mbio na mitungi ya maji mabegani, wanapiga kelele, "Wapi? Wapi kunaungua?" Wakafika getini wanahema, wakatukuta na sahani mikononi.

Kisha Mzee Duale akapaza sauti: "Hakuna moto! Ni pilau! Ingieni!"

Sijawahi kusikia kicheko kikubwa hivyo. Wale wanaume walijishika magoti wakicheka, wengine walikaa chini kabisa, mitungi kando.

"Na haya maji sasa?" mmoja akauliza.

Kubai alikuwa ameshachukua mtungi wa kwanza. Akaleta beseni, akapiga goti mbele ya lile benchi lililoungua, na akaanza kuwanawisha watu mikono kwa ajili ya chakula. Alianza na Naimo, na alianza na ule mkono wenye kovu, maji akiyamimina taratibu sana asije akamuumiza.